Kati ya Alama ya Maji na Mkono wa Baba

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Bwaise, Kampala.

Mvua imenyesha tangu adhuhuri. Sasa imebaki ile ya kudondokadondoka, isiyokuruhusu kutoka wala kukaa kwa amani. Mgongo unaniuma, vidole vinanuka gundi. Nimeketi kwenye kizingiti cha mlango, naandika kwa simu yenye chaji kidogo.

Leo nimemaliza karakana ya Baba. Nimeimaliza, halafu haijaisha.

Nianze na Baba mwenyewe. Ni polisi mstaafu, Mwacholi wa Kitgum, na kwa miaka mingi kazi yake katika polisi ilikuwa useremala: madawati, viti vya ofisini, milango ya nyumba za askari. Mimi nilizaliwa katika nyumba hizo kule Naguru. Mama ni Mnubi, ndiyo maana kwetu Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Alipostaafu, Baba akanunua nyumba hii ya Bwaise kwa sababu ilikuwa rahisi, na ilikuwa rahisi kwa sababu maji huingia. Miezi minane iliyopita akapigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto umekufa, mguu wa kushoto anauburuta. Akili iko palepale, na ulimi pia, kwa bahati yangu mbaya.

Mama huondoka alfajiri kwenda soko la Owino kuuza mapazia ya mitumba. Lazima mtu abaki na mgonjwa. Niliacha kazi, nikabaki mimi.

Baba ana fimbo, na fimbo ina lugha yake. Akigonga ukuta mara mbili, anataka chai. Mara tatu, choo. Mara moja ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu maana yake ni njoo tu. Unaacha sufuria jikoni, unakimbia, unamkuta anakutazama. Hataki kitu. Basi unasimama hapo kama mlinzi wa benki, mwisho unarudi kwenye ugali ulioungua.

Nimechoka naye.

Nimeliandika, na sitalifuta. Nampenda, nimechoka naye, yote mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja na hayapigani.

Ndipo likanijia wazo la karakana katika chumba cha nyuma. Nilijisemea kwamba fundi asiyeshika mbao atakufa kwa mawazo, na hilo ni kweli. Lakini ukweli wa chini yake ni kwamba nilitaka fimbo inyamaze.

Kazi yenyewe imenitoa jasho wiki tatu. Kwanza nilizipanga zana kama nilivyoona kwenye video, nusu upande huu wa meza, nusu upande ule, zinapendeza mno. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba zile za kushoto Baba hawezi kuzifikia mpaka ajipinde kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kiti. Nikang'oa zote.

Halafu kuna maji. Huku Bwaise kila mtu huweka vitu vyake juu, na mafuriko ya mwisho yaliacha alama kwenye ukuta wetu, juu kidogo ya goti langu. Ila Baba sasa lazima afanye kazi ameketi. Nilimwambia ainue mkono wa kulia juu kadiri awezavyo, nikachora mstari wa chaki. Chini kuna alama ya matope, juu kuna chaki, na katikati ukanda wa ukuta usiozidi mkono wangu mmoja na nusu. Humo ndimo nilimobana misumeno mitatu, randa mbili, patasi tisa, keekee, tupa, pimamaji na mengineyo. Vitu arobaini na moja. Mezani nikafunga majiliwa mawili ya kushika mbao badala ya mkono wa kushoto, nikaweka na bonge la nta la kusimamisha msumari. Niliona nimefikiria kila kitu.

Kitu kimoja sikumwambia. Nimepata kazi ya ukarani Mbarara, mbali na hapa, kwenye kiwanda cha maziwa. Ninaondoka Jumatatu.

Mama anajua, na atakuwa anafunga biashara mapema ili awe nyumbani saa saba mchana. Asubuhi Baba atakuwa peke yake. Kila siku nilipanga kumwambia, kila siku nikameza mate. Nilimwomba Mama anisaidie kulisema. Akanijibu huku anakunja mapazia: "Mimi siko mdomo yako, Salima. Enda mwenyewe."

Leo saa sita nikamwingiza Baba chumbani, nikamkalisha kwenye kiti chake, nikasubiri kusifiwa. Sina haya, nilisubiri kabisa, mikono nyuma kama mtoto wa shule.

Alitazama ukuta kwa muda mrefu. Akafungua jiliwa moja, akalifunga. Kisha akavuta mkebe uliokuwa mezani, akahesabu kwa kidole.

"Penseli ishirini," akasema.

"Ndiyo, Baba. Nimezichonga zote, usisumbuke."

"Na hii msasa, umekata yote?"

"Yote."

Akarudisha mkebe mahali pake. "Mimi nilikuwa polisi, Salima. Mtu ambaye anabaki nyumbani hachongi penseli ishirini. Unaenda lini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo kwenye mkebe. Nikasema Jumatatu. Nikasema Mbarara, kazi, mshahara, nitakuja kila mwisho wa mwezi. Maneno yalitoka kwa fujo. Aliuliza kama Mama anajua, nikasema anajua, na hilo nililiona likimwingia kuliko Mbarara yenyewe.

"Kale," akasema hatimaye, yaani sawa. "Toa hii vitu yote kwa ukuta. Weka hapa kwa meza."

Nilidhani ni hasira. Nikaanza kumweleza habari za mstari wa chaki na alama ya maji, jinsi nilivyopima kwa uangalifu.

"Umepima mkono," akasema. "Mimi hujaniuliza. Karakana ya fundi, fundi anapanga mwenyewe."

Miezi minane, na kweli sikumuuliza. Nilimfunga vifungo vya shati kabla hajajaribu. Nilimkatia nyama. Nilikuwa mwepesi sana, kwa sababu nilitaka kumaliza nikapumzike.

Nikateremsha vitu vyote arobaini na moja, wiki tatu zangu zikalala mezani. Akanionyesha kigoda, nikaketi. Akachukua msumari. Nta yangu hakuigusa. Aliinua mkono uliokufa kwa ule mzima, akauegemeza ukutani, akachomeka msumari kati ya vidole viwili visivyo na hisia, akavikunja vishike. Akachukua nyundo.

Pigo la kwanza lilianguka kwenye kidole. Damu ikatoka, na yeye akaitazama kama ya mtu mwingine.

Nilikuwa nimeshasimama. "Tulia," akasema bila kugeuka. "Hii haiumi. Wacha ifanye kazi."

Mara ya tatu msumari ukaingia. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akashika meza, akanyanyuka kwenye kiti, akabaki wima kwa mguu mmoja na nusu, bega likiegemea ukuta, akauinua tena ule mkono uliokufa na kupigilia msumari wa pili juu ya chaki yangu, juu sana, mahali ambapo aliyeketi hafiki. Hapo akatundika msumeno wake mkubwa.

"Maji ikikuja, huyu haogi," akasema, akacheka kidogo.

Mimi nililia. Sikujificha na yeye hakuninyamazisha. Baadaye akaniambia nitoke nje, eti nampumulia shingoni.

Hadi sasa ametundika vitu sita. Kesho Jumapili hatafika hata nusu, na Jumatatu nitaondoka patasi zikiwa bado zimelala mezani. Nilitaka kuacha ukuta uliojaa ili niende na moyo mweupe. Sitaupata.

Nyundo imenyamaza. Kimya kimekuwa kirefu, na miguu yangu ilishasimama kabla sijaamua. Nimeketi tena. Jumatatu asubuhi hatakuwapo mtu wa kusimama na kumkimbilia, basi afadhali nianze leo kujifunza kuketi.