Nimempiga Teke Mama Mkwe Mtandaoni

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla ndoa yangu haijazikwa. Mimi ni fundi wa programu, na kazini tumepewa injini ya gemu ya mapigano, yaani programu inayouendesha mchezo, ile inayochora watu mpaka unaona jasho, tuigeuze iwe vyumba vya kukutania mtandaoni, vyenye kufuata viwango vya pamoja ili mtu yeyote, mwenye miwani yoyote ya uhalisia pepe, abofye kiungo aingie, na kwa kuwa mke wangu amejifungua na mama yake yuko mbali na goti halimruhusu kusafiri, nikasema chumba cha kwanza kiwe sebule ya kumwonyesha mjukuu. Nikaondoa bunduki, damu na mazimwi yote, nikaweka makochi na mapazia, nikakijaribu peke yangu wiki nzima, kikanyooka. Siku yenyewe ukoo mzima umeshaingia, mama mkwe, ambaye humo goti halimsumbui, akanijia mbio mikono wazi anikumbatie, na injini, ambayo bado ilimwona kila anayekujia mbio kuwa adui, ikauinua mguu wangu yenyewe ikamtandika teke mama wa watu akapitiliza ukutani, muziki wa ushindi ukalia, na juu ya kichwa changu yakawaka maandishi ADUI AMEKWISHA. Kwa woga nikasema ni mtandao. Akampigia mke wangu: "Mtandao wa huku hukatika, haujawahi kupiga teke. Mwambie mumeo ujumbe nimeupata." Tangu hapo haingii, picha za mtoto tukimtumia hafungui, mke wangu ananisemesha kupitia mtoto, na mimi nimevipitia viwango vyote, vinataja mwanga, sauti na milango, mateke havitaji, sasa kosa langu liko wapi?

Mguu Haukuwa Wangu

Wewe Mguu, pole, ingawa nimecheka mpaka mhariri akaja kuchungulia.

Kosa lako? Umejenga nyumba ya kupokea watu ukaijaribu bila mtu. Wiki nzima unazunguka sebuleni peke yako, nani angekujia mbio? Injini usiilaumu, imelelewa kwenye ugomvi, wewe ukaitundikia mapazia. Hilo mama mkwe angekusamehe. Kilichomuuma ni uwongo: umemdhalilisha mbele ya ukoo, kisha ukamfanya mjinga. Mficha uchi hazai, na wewe umekwisha kuzaa, sasa unaficha nini?

Leo hii mpigie simu ya kawaida, mkeo akisikia. Sema, "Mama, nisamehe, kosa ni langu, na nilikudanganya." Usitaje injini. Akikusema, itikia "Ndiyo, Mama" mpaka achoke. Kisha waite wenzako wa kazini wakukimbilie humo sebuleni, wanene kwa wembamba, mpaka mguu wako ujifunze adabu.

Ila hiyo amri ya teke usiifute. Mhamishie mama mkwe, itumike mara moja tu. Akiingia, simama mbele ya ukoo wote, mikono nyuma, upokee chako. Muziki wa ushindi uache ulie mpaka mwisho, ni wake. Na ukishapitiliza ukutani, baki huko huko. Sebuleni hakuna atakayekutafuta, wana mtoto wa kumtazama.