Mashine ya Bi Somoe

Chuoni, Dar es Salaam
Jumatatu, baada ya kazi

Kwa bibi yangu na mke wangu wa tangu utotoni, Bi Somoe,

Shikamoo. Kiuno kinaendeleaje? Na lile jino la mbele lipo, au limekwenda na mihogo? Mimi mzima, nimenenepa kidogo shingoni. Wasichana wa huku wananitazama sana, ila nimewaambia nina mke Kilwa, anatafuna tambuu na ana wivu.

Bibi, najua husomi, na barua zote za kijiji anazisoma Katibu Nangomwa kwa kuwa ndiye mwenye miwani. Kwa hiyo, Katibu, shikamoo na wewe. Soma polepole, sauti ifike kwa majirani. Usiruke mstari. Barua hii nimeiandika mara mbili, na ya pili iko kwa mwalimu wa Somanga. Atapita hapo kumwuliza bibi amesomewa nini.

Sasa habari ya kazi. Nilipokelewa kufagia karakana ya chuo, maana darasa langu la tano halikunipatia zaidi ya ufagio. Humo ndani wataalamu wanabuni vitu, na wanajua kubuni, wallahi. Kitu kikiisha kinapigwa picha, kinaandikiwa kitabu, kinafunikwa turubai. Mfuta vumbi mimi.

Kimojawapo kilikuwa mashine ya kubangua korosho. Ndefu kama meza ya karani. Mbanguaji anapanda kiti kirefu, anakanyaga pedeli. Waliipeleka kijiji kimoja ikajaribiwe. Akina mama wakaizunguka, wakaisifu, wakaianikia kanga zao. Ikarudi.

Mwaka huu wakubwa wakasema basi, kila kilicho chini ya turubai kitafutiwe watu wa kukitumia na kiwanda cha kukitengeneza, maana wananchi ndio wanaokilipia chuo. Aliyebuni ile mashine, mhandisi mmoja mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, akakaa mbele yake kama mfiwa.

"Tatizo ni elimu," akasema. "Akina mama hawajazoea."

"Tatizo ni makalio, mzee," nikamwambia.

"Unasema nini wewe?"

"Nani kakwambia mwanamke wa kwetu anabangua juu ya kiti kirefu, kavaa kanga, miguu inaning'inia mbele ya wakwe? Bibi yangu anakaa chini, juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Jiwe hapa, majivu hapa. Anachovya vidole kwenye majivu ili mafuta ya ganda yasimuunguze."

"Nionyeshe."

Nikaazima mbuzi kwa mke wa mlinzi, nikaikalia katikati ya karakana, nikabangua mbele ya watu waliosoma ng'ambo. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mhandisi hakucheka, alikuwa anachora.

Leo mashine ni mbuzi hasa. Kiti cha chini, kisu pale penye meno ya kukunia, mpini mfupi wa mkono, na kopo la majivu ubavuni. Kiwanda kimoja cha mjini kimekubali kuzitengeneza kwa wingi, mradi kijiji kimoja kwanza kizitumie msimu mzima bila kuzianikia kanga.

Ndipo ikaja barua ya kuomba mashine hizo, mwandishi Ndugu Katibu. Mhandisi akanisomea: "Kijiji chetu kina wabanguaji hodari wanaoheshimiwa." Katibu, hapo sauti yako isipungue.

Maana nilikuwepo mkutanoni, siku majina ya kikundi cha kubangua yalipoandikwa. Bibi alioga, akajifunga kanga mpya, akaja. Ukamwambia mbele ya kijiji kizima: "Wewe mama, mikono yako kama ngozi ya kenge, utatutia aibu kwa wageni. Rudi kakae na mjukuu wako mtoro." Watu wakacheka. Bibi akaingiza mikono ndani ya kanga, na toka siku ile hata mtu akimsalimia haitoi. Mikono iliyonilea hiyo. Maneno yako nimeyatafuna miaka miwili, kila niliposhika ufagio.

Basi nikamweleza mhandisi yote. Sikuongeza chumvi, nilimkumbusha tu mashine yake imetoka kwa nani. Akasema, "Huyo bibi ndiye mwalimu. Nisipomkuta kwenye kikundi, lori la mashine linakwenda kijiji cha Kilangala." Hilo ni sharti lake. Langu ni moja dogo: kiongozi wa kijiji ajifunze wa kwanza, mbele ya mkutano, ndipo aweze kusimamia. Mhandisi kalipenda, kaliandika kwenye masharti.

Kwa hiyo, Bibi, Katibu atakaa juu ya mbuzi, mwanamume mzima na suruali yake, na wewe utamfundisha. Nakujua. Utamhurumia, utasema inuka baba, yameisha. Usiseme. Akisahau majivu, mafuta yamchome. Atazame vidole vyake, halafu atazame vyako. Mimi sijasamehe, na nakuomba usimsamehe kwa niaba yangu.

Msalimie mjomba Bakari mkwezi, mwambie nazi za huku ni ndogo kama ngumi yake. Msalimie shangazi Zuhura aliyenipa nauli ya kuja. Jirani yetu mke wa fundi cherehani alicheka siku ile, lakini jioni alikuletea maji, kwa hiyo mpe nusu ya salamu. Wengine waliocheka nitawasalimia mwenyewe. Lori linafika Alhamisi ijayo, nami nitakuwa juu na mashine.

Nakuaga kwa heshima, na kwa utani ulionifundisha mwenyewe,
mumeo mdogo,
Selemani

Katibu, umefika mwisho. Ikunje karatasi ya bibi, mpe kwa mikono miwili, na usiondoke mpaka atoe yake.