Mahali Trauti Wanapokaa

Mpendwa baba mkwe,

Nilipoolewa na Ochieng' nikahamia kwenu Kianda, Kibera, ulikuwa umeacha kazi ya ujenzi kwa sababu ya goti. Asubuhi nzima ulikaa mlangoni ukifunga ndoano kwenye mshipi, kisha ukiifungua tena. Ulikuwa umelelewa ziwani. Nairobi ulikuwa umevumilia mengi, lakini kukosa maji ya kuvua hukuzoea kamwe. Bwawa lililo karibu lilishamezwa na magugu, na mto wetu sote tunaujua ulivyo mchafu. Ndipo fundi mmoja mliyefanya naye kazi akakuambia kuna samaki wa madoadoa anayeitwa trauti, anaishi kwenye mito ya baridi huko juu msituni Kieni, na mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Ulienda mara mbili, na mara zote ulirudi na tope miguuni na mfuko mtupu. Ulivua kama ziwani: ndoano kubwa, donge la ugali, maji mapana yaliyotulia.

"Hao samaki wanaringa," ukaniambia ukivua viatu.

Nikacheka, nikaropoka, "Si baba yangu alizaliwa huko. Alichunga mbuzi kando ya hiyo mito."

Ukaniangalia. "Nyar Kawangware," ukasema, maana ndivyo ulivyoniita, binti wa Kawangware, "basi tumuulize."

Nilichukua viatu vyako nikaanza kukung'uta tope. Ulijua vizuri kwamba baba yangu, mwenye ploti ya nyumba za kupanga pale Kabiro, Kawangware, hakuwa ameongea nami kwa miaka miwili, tangu nimwambie naolewa na Mjaluo, mpangaji wa Kibera. Harusini hakuja. Nikipiga simu, mama alipokea na kunong'ona.

"Hatakufungulia geti, Baba."

"Nitamuuliza nikiwa nje."

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama. Ulishuka kwenye bodaboda pale kituo cha 56, ukaulizia njia hadi kwetu, ukabisha. Baba yangu akatoka.

"Kama umekuja kwa mambo ya huyo binti, rudi."

"Sijaja kwa mambo ya watoto. Nimekuja kuuliza trauti wanakaa wapi."

"Sisi kwa mila yetu hatuli samaki."

"Sijauliza kama mnakula, mzee. Nimeuliza wanakaa wapi."

Mama anasema baba alichukua kijiti akaanza kuchora mto kwenye vumbi. Alichora daraja, kona, mawe. Akafuta kwa kiatu, akachora upya. Mwishowe akakitupa kijiti. "Hii haielezeki. Lazima uone."

Jumamosi hiyo tulienda watatu: wewe, yeye, na mimi uliyenileta nikubebee kikapu. Njia nzima baba aliongea na wewe tu. Mtoni, askari wa msitu aliangalia kibali chako, akatuonyesha sehemu inayoruhusiwa kuvua kwa minyoo, kuanzia darajani kushuka chini. Baba akatangulia. Ule mto ulipopanuka, pale pale ulipokuwa ukipoteza siku zako, alipita bila hata kugeuza shingo. Alisimama mahali jiwe kubwa linapokata mkondo, upande mmoja maji yanakimbia na nyuma yake yametulia, na ukingo umeliwa chini ya mizizi.

"Trauti hatafuti chakula," akakuambia. "Anangoja kiletwe. Unaona povu linapopita? Na chakula hupita hapo hapo."

Akakukalisha chini ili kivuli chako kisianguke majini. Ndoano ndogo, mnyoo mmoja, mshipi uachwe ubebwe na maji. Mara ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu mshipi ukasimama, kisha ukakimbia kuelekea mizizini.

"Anavuta! Baba Ochieng', anavuta!" Baba akaingia majini na viatu vyake vya kanisa. "Usimwachie aingie kwenye mizizi! Wanjiru, leta kikapu! Wanjiru!"

Miaka miwili sikuwa nimesikia jina langu mdomoni mwake. Nilileta kikapu mbio. Samaki alikuwa na urefu wa kigasha changu, madoa mekundu ubavuni, na baba alikuwa amenishika bega asianguke. Wewe ulitugeuzia mgongo, ukaosha ndoano kwa muda mrefu kuliko ndoano yoyote inavyohitaji.

Baada ya hapo wewe na baba mlikuwa mkienda kila mlipoweza, mkibishana njiani kama watoto. Ulipougua, alikuja Kianda kukuona. Tulipokuzika kwenu kando ya ziwa, alikaa karibu na Ochieng' tangu mwanzo hadi mwisho.

Sikuwahi kukuuliza kama siku ile ulienda Kabiro kwa ajili ya samaki au kwa ajili yangu. Kila nilipotaka kuuliza, ulianza hadithi ya minyoo. Na asante sikukupa. Nilidhani muda upo. Sasa nakupa, Baba, nikijua nimechelewa. Nyumbani kwangu leo baba yangu anaingia bila kubisha, anamuuliza Ochieng' habari za kazi, na mimi napika chai kana kwamba mambo yalikuwa hivi tangu zamani.

Mvua kubwa ya mwaka huu ilihamisha mawe. Pale petu pamejaa mchanga. Jumamosi iliyopita mimi na baba tulishuka mto tukitafuta pengine. Tulipita kona mbili, tukajaribu sehemu nne, hakuna. Kisha tukaona mti ulioanguka nusu majini, povu likizunguka nyuma yake, na ukingo wa majani ambao mtu mwenye goti bovu anaweza kukaa vizuri. Nilivuta wawili, mmoja tukamrudisha kwa sababu ya udogo.

Baba alikaa kando yangu.

"Hapa angepapenda," akasema, na akasogea kidogo kwenye majani, akaacha nafasi katikati yetu.

Pumzika salama, Baba.

Mke wa mwanao,
Wanjiru