Karakana ya Mama Imeonekana

Karakana ya Cherehani,
Mtaa wa Nyuma ya Posta,
Jumapili, 23 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Waya,

Kabla ya lolote, u mzima? Kile kikohozi kimekuachia? Unakula chakula cha moto au bado unaishi kwa mkate na chai? Nijibu kwa ukweli, maana Mama ataniuliza, na mimi sipendi kudanganya mara mbili kwa jambo moja. Sisi huku hatujambo. Magoti ya Mama yanalalamika asubuhi, yakishafika karakanani yanasahau. Shemeji yako anazidi kunenepa na anazisingizia fulana kwamba zinasinyaa zikifuliwa.

Najua tungeweza kuongea kwa simu. Lakini habari hii ina mikia mingi, na simu yako hukatika kila ninapofika patamu. Kaa chini usome.

Unakumbuka Mama alivyokubaliana na Kaka Mkubwa: kazi isipoongezeka kufikia Desemba, anarudisha ufunguo wa chumba cha karakana na kuhamia kwa Kaka. Tangu barabara yetu ifungwe upande mmoja, wateja wa kupita waliisha. Siku hizi mtu cherehani yake ikigoma hatoki nje kuuliza fundi yuko wapi, anaiuliza simu yake. Na simu haikumjua Mama. Ile tovuti uliyomtengenezea kabla hujasafiri ilikuwepo, safi, imetulia, haina mgeni. Nilipoitafuta niliikuta ukurasa wa nne wa majibu, mahali ambapo hata mwenye shida hafiki. Kilichoniuma zaidi ni Mama kuanza kugawa vifaa vyake. Siku alipompa fundi viatu wa jirani ile bisibisi ndogo ya mpini mwekundu, nilijifungia stoo nikalia.

Ndipo nilipokupigia, ukaniambia kwamba mtambo wa kutafutia hautazami tu tovuti inajisemaje, unatazama pia ni nani wengine wameitaja na kuweka linki ya kuelekea kwake. Nikakushukuru, nikakata simu, nikaitisha kikao cha ukoo. Kuanzia hapo tulikuficha mambo.

Tulikubaliana kila mmoja afungue ukurasa wake na kumtaja Mama. Mjomba, ambaye tangu astaafu hana anachopenda kama njiwa wake, akaandika: "Njiwa wangu mweupe ametaga. Kama cherehani yako imeharibika, bonyeza hapa." Shangazi akaweka maelezo ya kuoka keki, na kati ya mayai na sukari akachomeka cherehani. Shemeji yako akafungua ukurasa wa mazoezi ya mwili, na hapo sisemi zaidi. Kila ukurasa ulielekea kwa Mama, na kwa kuwa sisi ni watu wa adabu, wa Mama nao ukaelekea kwa kila mmoja wetu, ikawa ni kusalimiana wenyewe kwa wenyewe kutwa nzima. Mtu wa nje hakuingia hata mmoja. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na kumbe hata mashine inalijua hilo.

Kaka Mkubwa hakuridhika. Unamjua, akianza jambo lazima alimalize kwa kishindo. Akampata mtu mtandaoni aliyemwahidi linki elfu moja kufikia Ijumaa. Na zikaja kweli! Zilitoka kwenye kurasa za kamari, za dawa ya kuotesha nywele, na nyingine za lugha ambazo nyumbani kwetu hakuna anayejua hata zinaanzia kusomwa upande gani. Kaka akatangaza ushindi, akatununulia soda. Baada ya siku chache nikaandika "fundi wa cherehani", nikapita ukurasa wa nne, nikapita wa kumi, nikachoka kabla sijamwona Mama. Mtu akidhaminiwa na wacheza kamari elfu moja, nani atampa kazi?

Sasa basi, ile siku niliyokuuliza namna ya kuzikataa linki chafu ili mtambo usizihesabu, nikasema ni za jirani yetu mmoja, jirani mwenyewe ndiye Kaka. Ahsante kwa maelekezo. Tulikaa mimi na yeye Jumamosi nzima tukiziorodhesha na kuzikataa, naye ametulia kama maji ya mtungi. Kurasa za ukoo nazo tukazifunga, isipokuwa wa Mjomba, ambaye alikataa katakata. Anadai njiwa wake tayari wana wasomaji.

Mama alikuwa akitutazama tu. Mwishowe akasema, "Mnahangaika bure. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Nikamjibu, "Mama, kizuri kilichofungiwa stoo kinajiuza kwa nani? Kwa panya?" Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini ufunguo aliendelea kuusogeza mezani kama mtu anayezoea kutengana nao.

Jibu lilikuja lenyewe, kwa simu ya Mama ileile ya vitufe. Alipiga mshonaji mmoja wa mbali, nusu analia, nguo ya bi harusi iko mezani na uzi unafanya mafundo. Mama akamweka kwenye spika, mikono ikiwa na mafuta. "Mwanangu, usiulaumu uzi wa chini. Mafundo yako chini, kosa liko juu. Inua kwanza mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ndipo utunge uzi wa juu upya. Ukitunga mguu ukiwa umeshuka, vile visahani vinavyobana uzi vimejifunga, uzi hauingii mahali pake." Tukasikia kule ng'ambo cherehani ikikimbia vizuri, na mtu akipiga vigelegele.

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Miaka yote Mama anawapa watu maarifa haya bure, na mimi kwenye tovuti nilikuwa nimeandika "huduma bora kwa bei nafuu", maneno ambayo hata mwosha magari anayo. Nani atamwelekeza mwenzake kwenda kusoma hayo? Kuanzia siku hiyo nikawa naandika majibu ya Mama jinsi anavyoyasema, na picha za mikono yake karibu: kwa nini sindano inavunjika, mkanda ukilegea unasikikaje, mafuta yawekwe wapi na wapi yasifike kamwe. Kisha tukasubiri, nami sina subira, unanijua.

Akaja binti mmoja amekumbatia cherehani kama mtoto mgonjwa. Mama, kama kawaida yake, hakuigusa kabla hajauliza, "Nani kakuelekeza?" Unajua hawezi kumpokea mteja mgeni bila kumjua wa kumshukuru. Binti akasema mwalimu wao wa chuo cha ushonaji ameweka linki ya maelezo ya Mama kwenye ukurasa wa darasa. Siku hiyohiyo akaja wa pili. Wiki ikaisha na foleni mlangoni, na kila mmoja anamtaja mwalimu yuleyule.

Mama akataka namba yake ampigie. Kaka akamnong'oneza amwombe aweke linki nyingine kumi. Mama akamtazama jicho moja tu, Kaka akaenda kununua maji.

"Mwalimu, nakushukuru kwa kunisaidia," Mama akaanza.

"Mimi? Mama yangu, nimejisaidia mwenyewe!" Mwalimu alikuwa na sauti ya kukwaruza. "Kila somo naitwa mara ishirini kwa mafundo yaleyale. Sasa nawaambia someni kwanza kwa yule mama, ndipo mniite. Sauti yangu imepona."

Hapo nikaelewa ile nusu ya maelezo yako niliyokuwa nimebakiza. Linki ya kweli ni mtu kumwambia mwenzake nenda kwa fulani, kwa sababu yeye mwenyewe alikwenda akafaidika. Baadaye duka la spea nalo likatuweka, kisha mshonaji wa magauni anayeandika habari za kazi yake, watu ambao hatujawahi kuwaona wala kuwaomba. Juzi niliandika tena "fundi wa cherehani" na Mama akatokea ukurasa wa kwanza, wa pili kutoka juu. Nilipiga ukelele hadi fundi viatu akaja mbio na nyundo. Mama akautumia mwanya huo kumdai bisibisi yake, bila haya hata kidogo.

Sasa sikia. Chuo kimemwomba Mama awe anazihudumia cherehani zao zote kila muhula. Wakati huo Kaka alikuwa ameshakipaka rangi chumba cha Mama nyumbani kwake na kuweka mapazia. Akampeleka kukiona. Mama akashika mapazia, akafungua dirisha, akasifu rangi. Kisha akasema, "Chumba kizuri sana, mwanangu. Kipangishe." Kaka mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, kisha akampeleka kwa mwenye nyumba akaandikishe karakana kwa mwaka mwingine. Waya, nilifurahi mno. Mama yetu hahami.

Wote wanakusalimu. Shangazi anakusalimu na anaomba picha yako, si ya sura tu, ya mwili mzima, aone umekonda kiasi gani. Mjomba anauliza kama unaweza kuupamba ukurasa wa njiwa. Kaka anaomba ile habari ya jirani uisahau. Nisalimie wenzako unaokaa nao.

Mama nimemsomea barua hii yote, kwenye njiwa akanirudisha nisome tena. Nikamuuliza niongeze nini. Nikamkumbusha kwamba mara ya mwisho ulimwambia kwa unyonge kuwa uliondoka bila kumwachia chochote, ila tovuti isiyotembelewa. Akafuta mikono taratibu. Kisha akanipa maneno ambayo huyasema tu mashine ikishashona mbele ya macho yake, na hajawahi kuyasema ili kumfurahisha mtu: "Mwambie alichonitengenezea kinafanya kazi."

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mwema na riziki isiyo na mashaka.

Wako akupendaye, leo kuliko jana,
Dada yako.