Herufi za Kamba

Tunduma

Mke wangu Zaina,

Salaam nyingi kutoka kwenye baridi hii, ambako kila asubuhi mpaka niipashe rangi moto ndipo ikubali kutoka kwenye brashi. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Wewe na watoto hamjambo? Vitunguu vimekubali msimu huu? Nasikia hapo Ruaha Mbuyuni jua halina huruma. Laiti ungenitumia kidogo.

Sasa nikupe habari za tajiri wangu Simkonda, yule mwenye malori ya bluu yanayopita hapo nyumbani. Nilikuambia ni mjinga. Nisamehe, nilimpunguzia.

Wezi walikuwa wanadandia malori yake yakipanda mlima, wanachana turubai. Naye, kwa akili zake, alikuwa anatundika ubavuni kibao cha kusema lori limebeba nini, ili makarani wake wasihangaike. Nikamuuliza kwa nini asiache tu kuandika. Akanitazama kama nimetukana ukoo wake, akaniagiza nibuni herufi ambazo makarani wake peke yao watazisoma.

Kazi yenyewe niliipenda, sikufichi. Nilizitoa kwenye kamba za turubai: a, e, i, o, u nikazifanya mafundo, zilizobaki nikazifanya ndoano. Nilichora na kufuta, nikachora tena, mpaka kila herufi ikajitenga na mwenzake. Asiyejua aliona pambo la kamba tu.

Simkonda akapata wazimu wa sifa. Kila aliyeingia kunywa chai ofisini kwake alionyeshwa kibao. "Nimebuni mwenyewe," anasema. Haya. Binti yake akaposwa, na kadi za harusi zikachapwa Mbeya kwa herufi hizohizo, eti watu wajue ni harusi ya mtu mkubwa. Mzee mmoja wa Nanyala alidhani ni tangazo la duka la kamba.

Mwezi uliopita wezi waliyaacha malori yake ya maharage, wakachana la sukari peke yake. Simkonda akasimama mbele ya ghala, watu wamejaa, akatangaza kwamba mimi nimeuza siri. Zaina, niliogopa. Hapa mpakani fundi akishaitwa mwenye mdomo, hakuna atakayempa hata kibao cha kinyozi. Nikawaza nitarudi kwako na jina gani.

Dada yake, aliyevuka kutoka Nakonde kumpa pole, akafungua mkoba.

"Awe, kaka, hapana! Si hii hapa kadi yako? Tuliposema hatuwezi kusoma, si ulizirudisha Mbeya wakachapa nyuma kila herufi na maana yake? Hata muuza nyanya wangu anayo!"

Watu walicheka mpaka makuli wakatua magunia. Simkonda akaigeuza kadi mbele na nyuma, akasema karatasi za siku hizi ni mbovu. Kuniomba radhi? Thubutu! Alichosema ni, "Fundi, tunga nyingine."

Vibao vimeondolewa, lakini mtu mkubwa hakosi pambo. Amenunua lori jipya, akataka jina la ukoo wake ubavuni kwa herufi ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Nimezitoa kwenye ukili wa ule mkeka ulionisukia nilipokuwa naondoka. Hakuniuliza zinasomwaje, maana mkubwa haulizi.

Msalimie sana mama mkwe, mwambie dawa ya magoti nimeipata, nitamtumia kwa dereva. Na shemeji Rashidi, mshona viatu wetu, mwambie zile ndala zake zimekufa kifo cha heshima. Watoto wabusu wote.

Kuhusu lori: Simkonda husimama mbele yake, mikono nyuma, akiwaeleza wateja kwamba hapo pameandikwa jina la babu yake. Pameandikwa Zaina. Litapita mlangoni kwako likienda Dar na likirudi, nawe utautambua mkono wako. Usimwambie mtu.

Mumeo, ambaye bado analalia mkeka huo,
Hamisi