Gari Lako Tumeliuza, Baba Rukia

Mume wangu Baba Rukia,

Gari tumeliuza. Wiki nzima majirani wananiuliza nimewezaje, nami nawajibu hivi hivi tu, kwa sababu mtu ninayetaka kumweleza hasa ni wewe.

Unakumbuka ulivyolileta? Ulikuwa ndiyo kwanza umestaafu kazi ya stoo kule Mbegani, na mimi nilikuwa nimeshapanga moyoni kwamba kiinua mgongo chako kitaezeka nyumba. Siku hiyo ukaingia uani na gari la viti vinane, mlango wa kusukuma ubavuni, rangi imepauka kama kanga iliyofuliwa miaka. Kabla sijafungua mdomo ukasema, "Mama Rukia, mpaka lini utapeleka pilau za watu kwa bajaji?" Sikufurahi, lakini nilikupokea funguo.

Mwezi wa kwanza tu rejeta ikaanza kuvuja. Ikatengenezwa, zikafuata shokapu, kisha bushi, kisha ule mlango, ukawa haufunguki mpaka uuinue kidogo ndipo uuvute, na mkono uliouweza ulikuwa wako peke yako. Vipuri vipya hatukuviweza, tukawa tunaagiza vilivyotumika kutoka Dar. Fundi Mbwana wa hapa Dunda alikuwa kila akifungua boneti kutafuta tatizo moja anatoka na mawili. Hela ya shughuli mbili nikipika, ya moja inaishia gereji. Nawe ulikuwa ukishinda pale juu ya kigoda, ukimtazama anavyofanya, halafu jioni unanieleza sahani ikiwa mbele yako: mlio wa beringi ukoje, mafuta ya giaboksi yakiungua yananukaje. Nilikuwa najitia sisikii.

Halafu ikaja ile siku ya harusi ya Msata. Tulikuwa na pilau ya watu mia tatu nyuma, na wanawake wanne wa jikoni wamebanana na masufuria. Tulipokaribia Kiwangwa mshale wa joto ukapanda, moshi mweupe ukatoka, injini ikazima. Ulishuka na dumu la maji, ukasubiri ipoe, ukajaza. Maji yakatokea kwenye bomba la moshi. Ukaniambia taratibu, "Gasketi ya hedi imekwenda. Hapa halitoki."

Ndipo nikasema lile neno. Nilisema mbele ya wale wanawake wote, kwa sauti, "Mwanamume mzima unakwenda kununua mzoga, unaniaibisha!"

Uliweka dumu chini, ukavuka barabara, ukaanza kusimamisha magari. La tatu lilikuwa lori la mananasi. Sijui ulimwambia nini yule dereva, nilichoona ni mnashikana mikono, kisha wanaume wawili wanashuka kutusaidia. Masufuria yakapangwa juu ya mananasi, sisi tukakaa pembeni tumeshika vifuniko. Ulibaki peke yako na gari juani. Tulifika Msata bwana harusi hajaingia. Watu wakala, wakasifu, na mimi kila niliposifiwa nilikuwa nakuona ulivyovuka ile barabara.

Uliporudi nyumbani, gari likivutwa kwa kamba, nilikuandalia maji ya kuoga na chai ya tangawizi. Nilidhani hiyo chai itasema kwa niaba yangu. Hedi ya injini ikapelekwa kusawazishwa, gasketi ikabadilishwa, gari likatembea, nasi tukacheka tena kama zamani. Tukaishi miaka minne mingine, na neno lile sikulirudisha. Kila nilipotaka kukuomba radhi niliona limeshapita, nitakutonesha bure. Kisha ukaugua wiki tatu, ukatutoka.

Nilipomaliza eda giaboksi ilikuwa imeanza kuteleza. Unakanyaga mafuta, injini inalia, gari linabaki linafikiria. Fundi Mbwana alinieleza kwa huruma kwamba giaboksi iliyotumika tu ingenigharimu karibu nusu ya bei ya gari lenyewe, na hakuweza kuniahidi ingedumu. Rukia akasema, "Mama, liachie. Ukipata shughuli tutakodi kirikuu cha mizigo." Nilikubali.

Mnunuzi alikuwa fundi wa Kibaha, kaja na mkewe. Aliniuliza lina shida gani. Nikamwambia yote: giaboksi, mlango, hedi iliyowahi kufunguliwa, bushi za mbele zinazogonga kwenye matuta. Rukia alikuwa ananikonyeza mpaka akachoka. Yule bwana akacheka, "Mama, unauza au unanifukuza?" Mkewe akamgusa bega. "Lichukue hili. Tumeshadanganywa mara mbili." Nikawapunguzia bei kidogo, wakalipa.

Akawasha ili atoke, gia ya kurudi nyuma ikagoma kabisa. Gari limetazama ukuta, geti liko nyuma. Tukaita majirani. Wakaja, kanzu zimepandishwa, wengine wanacheka, wengine wanatoa amri. Mimi nilijipenyeza katikati yao, nikaweka viganja viwili kwenye boneti. Ilikuwa ya moto. "Haya, moja, mbili!" Tukasukuma. Katika kelele zile niliinamisha kichwa nikasema, "Nisamehe, Baba Rukia. Hukuniaibisha hata siku moja."

Hakuna aliyenisikia. Gari likasogea, likapita getini, likaingia barabarani, na nilipoinua uso machozi yalikuwa yanatiririka mbele za watu. Mke wa jirani akanipa ncha ya kanga yake, akidhani nalilia gari. Nilimwacha adhani hivyo.

Mwenyezi Mungu akupe kivuli na mapumziko huko uliko.

Mkeo,
Mama Rukia