Karanga za Panya Buku

Sibwesa, 2 Desemba 2024

Dada Aneth,

Shikamoo. Huku tu wazima, Mama analalamika mgongo tu. Wewe na shemeji Elias hamjambo huko Misunkumilo?

Dada, nimepanda karanga na panya buku wa kwenye kichuguu anazifukua zote. Mama ananiambia nimwache, eti yeye na panya wanagawana: panya akusanye, Mama achimbe ghala lake na kumbakishia kidogo. Watu wazima wanagawana na panya! Nimechanganya karanga na sumu, nikazimwaga mlangoni kwa yule mwizi. Asubuhi hata moja haikubaki. Amezila zote, mjinga yule. Mama sijamwambia, atamlilia bure.

Mdogo wako,
Gervas

Misunkumilo, 9 Desemba 2024

Gervas,

Sisi wazima, na Mama namwombea awe mzima. Simu yako haipatikani, ndiyo maana namtuma Richard, kijana wa dukani kwetu, na pikipiki. Asirudi bila jibu.

Umezaliwa shambani na hujui panya buku hali palepale? Anajaza mashavu mpaka yanavimba kama ya mtu mwenye jino bovu, anabeba, anaenda kuficha shimoni. Karanga zako hazijaliwa, bwege wewe. Zimo ghalani, na anayechimba ghala hilo kila mwaka ni Mama! Mwambie leo hii. Kisha uzifukue mwenyewe uzifukie mbali, na uvae mifuko mikononi. Naogopa, Gervas. Sikio la kufa halisikii dawa, na lako nalijua.

Dada yako,
Aneth

Sibwesa, 9 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo tena. Huku salama, mgongo wa Mama umepata nafuu.

Barua yako nimewasomea wenzangu, tumecheka mpaka machozi. Kumbe mtu akiolewa na mwenye duka anakuwa daktari wa panya! Hapo nyuma ya kaunta mnapima sukari tu, mambo ya mashimo tuachie sisi. Panya keshakufa na sumu iko tumboni mwake.

Mama nimemwacha na raha zake. Asubuhi alikwenda kwenye kichuguu na jembe, karudi na ungo umejaa, anashukuru Mungu kama mtoto. Sasa anazikaanga, harufu imefika mpaka huku nje ninapokuandikia. Nakufungia kidogo Richard akuletee, uone kama utakufa.

Nisiandike mengi, Mama ananiita nikale. Yeye keshaanza.

Mdogo wako,
Gervas